MAFIGA MATATU NA MGENI MWENYE PESA
Somo la ardhi kutoka milima ya Wabatak



Somo letu la leo linahusu ardhi, na tumelitoa mbali, katika nchi ya Indonesia, kisiwani Sumatra, kwa watu waitwao Wabatak. Pengine mtu atauliza, kwa nini twende mbali namna hiyo hali hapa kwetu kesi za mashamba zimejaa? Sababu yetu ni hii. Kesi ya jirani huzungumzwa kwa hasira, na kabla ya dakika kumi watu wameanza kutajana majina. Mambo ya watu wa mbali tunaweza kuyatazama kwa utulivu, halafu tujiulize: na sisi je?

Tunajua kwamba kuna vikundi ambavyo pesa za mzunguko zimekua, na sasa wanachama wanataka kununua ploti mahali ambapo hawana ukoo wala jamaa. Tunajua pia kuna vijiji ambavyo mgeni mwenye gari kubwa amekuja akiuliza kama kuna anayeuza. Somo hili ni la wote wawili, yule anayenunua na yule anayeuza.

LENGO LA SOMO

Baada ya kusoma na kuzungumza pamoja, kila mwanakikundi aweze:
(a) kueleza kwa nini ardhi ya ukoo haiuzwi na mtu mmoja;
(b) kutaja mambo ambayo mgeni anapaswa kuyatazama kabla ya kutoa pesa;
(c) kutaja njia za kuweka pesa mahali bila kumtoa mwenyeji katika shamba lake.

1. NCHI YENYEWE IKO VIPI

Kaskazini mwa kisiwa cha Sumatra kuna ziwa kubwa liitwalo Toba. Urefu wake ni karibu kilomita 100, upana kama kilomita 30, na kina chake hufika karibu mita 500. Ziwa hilo limejaa shimo lililoachwa na volkeno iliyolipuka miaka 74,000 hivi iliyopita. Katikati ya maji kuna kisiwa cha Samosir. Uso wa ziwa uko karibu mita 900 juu ya bahari, na milima inayolizunguka huenda juu zaidi. Kwa hiyo hewa ni ya baridi, ile inayopendwa na kahawa, kama tunavyoijua Embu na Kirinyaga.

Wilaya moja ya huko inaitwa Humbang Hasundutan, na makao yake makuu ni Dolok Sanggul. Iliundwa mwaka 2003. Watu wake wengi ni wakulima. Wanapanda mpunga mabondeni na kahawa aina ya arabika kwenye miinuko, kahawa ambayo wanunuzi wa nje huiita Lintong. Iko mbegu moja ya kahawa wanayoipenda sana ambayo jina lake, Sigarar Utang, maana yake ni "mlipa deni", kwa kuwa huanza kuzaa mapema na kumsaidia mkulima kulipa madeni yake. Tena wana miti ya porini wanayoigema utomvu wa uvumba, uitwao kemenyan. Kazi hiyo wameirithi kutoka kwa babu zao.

Wabatak wengi wa milima hiyo ni Wakristo. Mmisionari Mjerumani, Ludwig Nommensen, alifika kwao katika miaka ya 1860, na leo makanisa ya Kiprotestanti yako kila bonde. Wakatoliki nao ni wengi, hasa upande wa Samosir. Jumapili biashara hungoja.

Sasa, kwa nini wageni wanatafuta ploti huko? Mwaka 2016 serikali ya Indonesia iliweka Ziwa Toba katika orodha ya sehemu kumi za kuinuliwa kwa utalii. Uwanja wa ndege wa Silangit, karibu na mji wa Siborongborong, ulipanuliwa. Mwaka 2020 shirika la UNESCO liliitambua sehemu hiyo kwa ajili ya miamba na historia yake ya volkeno. Tunajua wenyewe: barabara ya lami ikifika asubuhi, broka hufika mchana.

2. MAFIGA MATATU

Wabatak hushika utaratibu uitwao Dalihan Na Tolu, maana yake mafiga matatu. Sisi tunaopika kwa kuni hatuhitaji kufafanuliwa zaidi. Ondoa figa moja, chungu kitamwagika.

Figa la kwanza ni ndugu wa ukoo mmoja, wale wanaotumia jina moja la ukoo, ambalo wao huliita marga. Kwa hawa mtu anatakiwa awe mwangalifu, maana ugomvi wa ndugu ni mbaya kuliko wa jirani. Figa la pili ni ukoo uliokupa mke. Hao huheshimiwa sana. Figa la tatu ni ukoo uliooa binti yenu. Hao huongeleshwa kwa upole, wala hawaamrishwi.

Mambo makubwa, kama arusi, mazishi au ugawaji wa mali, hayafanyiki mpaka pande zote tatu zimeketi. Na ardhi ni jambo kubwa. Kwa mila, kijiji chao, yaani huta, ni cha ukoo ulioanzisha makao pale. Zamani huta ilizungukwa na ukuta wa udongo na mianzi. Mtu wa ukoo mwingine aliyekuja kuoa hapo alipewa sehemu ya kulima, lakini neno la mwisho juu ya ardhi lilibaki kwa ukoo ulioanzisha. Mtu akibanwa na shida akataka kuuza, ilimpasa kuwauliza ndugu kwanza kama wao wataichukua.

Binti naye hakusahauliwa kabisa. Baba aliyeweza alimpa binti yake shamba siku ya kuolewa, na shamba hilo wao huliita kwa mfano wa shuka: ati ni nguo isiyochakaa. Lakini urithi wa kawaida ulikwenda kwa wana wa kiume. Mwaka 1961 Mahakama Kuu kabisa ya Indonesia, katika kesi iliyotoka kwa Wakaro, ambao ni Wabatak wa upande wa kaskazini, iliamua kwamba binti ana haki ya kurithi sawa na ndugu zake. Tangu hapo mnunuzi anayemwuliza kaka peke yake, na kumpita dada, anajitafutia kesi.

3. KUTEMBELEA KWANZA, KUNUNUA BAADAYE

Mgeni wengi hufanya nini? Hufika asubuhi, huoneshwa ziwa likiwaka kwa jua, hunywa kahawa, na jioni anatafuta mahali pa kuweka sahihi. Hiyo siyo njia. Tumfuate mgeni mwenye busara.

Kutoka mji mkubwa wa Medan mpaka Parapat, ukingoni mwa ziwa, ni karibu kilomita 180 kwa barabara. Kivuko cha kwenda Samosir hupandiwa Ajibata na kushukia Tomok. Kabla ya kupanda chombo, mgeni huyu hutazama kama watu wamezidi na kama kuna majaketi ya kuogelea. Hilo si jambo la kuchekesha. Tarehe 18 Juni 2018 chombo kilichojaza watu kupita kiasi kilizama kati ya Simanindo na Tigaras, na zaidi ya watu 150 hawakuonekana tena.

Akifika kijijini, husalimu "Horas", ndiyo salamu yao ya uzima na heri. Halafu huketi. Wabatak wakikutana huulizana ukoo na kizazi, mpaka wajue yupi atamwita mwenzake mjomba, shemeji au ndugu. Mgeni asione kama anahojiwa na polisi. Wanamtafutia mahali pa kumweka. Sisi nasi tukikutana na mtu tunauliza: wewe ni wa nyumba ya nani?

Huenda sokoni siku ya soko, ambayo wao huiita onan. Hapo husikia bei ya kweli ya kahawa na ya mchele, na husikia pia ni shamba lipi lina maneno. Huingia lapo, yaani kibanda cha kahawa na pombe, akasikiliza kuliko anavyosema. Hutembea shambani mara mbili, mara moja wakati wa jua na mara moja wakati wa mvua, maana maji huonyesha njia zake yenyewe.

Hujifunza vipimo. Huko hawahesabu kwa ekari. Wanahesabu kwa rante, na rante moja ni mita 20 kwa mita 20, yaani mita 400 za mraba. Ekari moja ya kwetu ni kama rante 10, na hektari ni rante 25. Asiyejua hilo atalipa bei ya ekari apewe kipande cha kufugia kuku.

Na hutazama makaburi. Wabatak hujenga makaburi makubwa ya saruji na minara ya ukumbusho wa mababu. Baada ya miaka mingi hukusanya mifupa ya wazee na kuihamishia humo kwa sherehe ya ukoo mzima. Ukiona mnara kama huo shambani, ujue hapo pana wenyewe wengi, na siku ya sherehe watakuja kwa mabasi kutoka Medan na Jakarta. Shamba lenye kaburi la babu wa watu halina muuzaji mmoja.

4. SHERIA YA SERIKALI INASEMA NINI

Mila ni upande mmoja. Upande wa pili ni sheria ya nchi. Sheria kuu ya ardhi ya Indonesia ni ya mwaka 1960. Tunaifupisha hivi:

(i) Umiliki kamili, uitwao hak milik, ni wa raia wa Indonesia tu. Mgeni hawezi kuupata kwa kununua, kwa zawadi wala kwa urithi wa kudumu.

(ii) Mgeni anayeruhusiwa kuishi nchini anaweza kupata haki ya kutumia, hak pakai. Kwa kanuni za mwaka 2021 haki hiyo hutolewa kwa miaka 30, huweza kuongezwa 20, na kisha kufanywa upya kwa 30.

(iii) Kampuni iliyoandikishwa Indonesia, hata kama wenye hisa ni wageni, inaweza kupata haki ya kujenga kwa miaka 30, nayo huongezwa. Lakini kampuni ya wageni inatakiwa iwe na mpango wa kuweka zaidi ya rupia bilioni 10, bila kuhesabu ardhi na majengo. Huyo si mtu wa kujaribu bahati.

(iv) Sheria hiyohiyo inaitambua ardhi ya jamii, mradi isipingane na maslahi ya taifa. Maneno hayo machache yamezaa kesi nyingi, kama tutakavyoona.

Mauzo hufanywa mbele ya ofisa wa hati aliyeteuliwa, kisha huandikishwa katika ofisi ya ardhi ya wilaya. Muuzaji hulipa kodi ya asilimia 2.5 ya bei. Mnunuzi naye hulipa mpaka asilimia 5, baada ya kutolewa kiasi kisichotozwa.

Hapa wengi huteleza. Barua ya mkuu wa kijiji inayosema "shamba hili ni la fulani" si taito. Risiti ya kodi ya ardhi ya kila mwaka si taito pia. Inaonyesha nani amelipa kodi tu. Vijijini mashamba mengi bado yana barua hizo peke yake. Je, hapa kwetu hatujawahi kuona mtu akikumbatia karatasi ya chifu na kusema ana shamba?

Sheria nyingine ya mwaka 1960 inahusu kuweka shamba rehani. Huko, kama kwetu, mtu mwenye shida hukopa pesa na kumwachia mwenye pesa shamba alilime mpaka deni lirudi. Sheria inasema shamba la kilimo likikaa rehani miaka 7 au zaidi, lirudishwe kwa mwenyewe bila kulipa kitu, kwa kuwa mkopeshaji amekwisha kula mazao ya kutosha. Mgeni anayeuziwa shamba na mtu aliyelishika kwa rehani, amenunua kitu kisicho cha muuzaji.

5. NJIA ZA MKATO

Mgeni akisikia hawezi kumiliki, mara hutokea rafiki wa kumnong'oneza: "Tumia jina langu. Shamba litaandikwa kwangu, lakini sisi wawili tunajua ni lako." Huko ni kuazima jina. Sheria ya mwaka 1960 inasema wazi kwamba mapatano ya kumpa mgeni umiliki, moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma, ni batili. Ardhi huangukia serikali, na pesa zilizokwisha kulipwa hazidaiwi tena. Basi mgeni amekosa shamba, amekosa pesa, na pengine amekosa na rafiki. Tena rafiki akifa, watoto wake hawajui habari ya kunong'onezana. Wanajua jina la baba yao kwenye hati.

Njia ya pili ni kupewa ukoo. Wabatak ni wakarimu, na mgeni anayeoa au kuolewa kwao hufanyiwa sherehe akapewa jina la ukoo. Bibi wa kigeni mara nyingi huingizwa katika ukoo wa mama wa mumewe, ili mafiga yakae sawa. Ni heshima kubwa, na inakuja na wajibu: michango, arusi, mazishi. Lakini jina la ukoo halimfanyi mtu kuwa raia. Mila imempa ndugu, haikumpa taito.

Njia ya tatu ni ndoa. Hapa pia pana mtego, na mtego huo humnasa mwenyeji mwenyewe. Mali ya mume na mke ikiwa ya pamoja, raia aliyeolewa na mgeni huhesabiwa kama amechanganya umiliki na mtu asiye raia, na sheria inamtaka auachilie katika mwaka mmoja. Dawa ni mkataba wa kutenganisha mali. Zamani ulipaswa kuandikwa kabla ya arusi. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Katiba wa mwaka 2016, unaweza kuandikwa hata baada ya arusi.

6. NDUGU WALIO MBALI

Vijana wa Kibatak huenda mbali kutafuta maisha, Medan, Jakarta na kwingine, wakawa walimu, mawakili, wanajeshi, madereva. Kijiji cha asili hawakiachi moyoni. Hutuma pesa za kanisa, za nyumba ya mama, za mnara wa babu. Nyumbani hubaki ndugu mmoja anayelima.

Tuchukue mfano. Ndugu ni watano. Anayelima ni mmoja, na ana deni la mbolea na la shule. Mgeni anakuja na pesa taslimu. Ndugu huyu anaweka sahihi, mkuu wa kijiji anagonga muhuri. Miaka mitatu baadaye mgeni amejenga vyumba sita vya wageni. Mwezi wa Disemba ndugu wanne wanafika kwa Krismasi na kukuta ukuta wa mawe kwenye njia ya kwenda kaburini kwa baba. Nani atalala usingizi siku hiyo? Siyo mgeni, na siyo yule aliyeuza. Mama yao mzee ndiye anayeumia zaidi, maana anakula kwa wote watano.

Kosa lilikuwa wapi? Si kwamba sahihi ilikuwa ya uongo. Ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa moja. Mnunuzi mwenye busara hudai orodha ya warithi wote, wa kiume na wa kike, walio nyumbani na walio mbali, na kila mmoja aweke sahihi mbele ya ofisa. Kama mmoja yuko Jakarta, tunangoja. Pesa inayokimbia namna hiyo ina jambo.

7. MSITU, ZIWA NA MLIMA

Kuna ardhi ambayo hata ndugu wote wakikubali, bado haiuziki. Tuangalie mambo matatu.

Msitu. Sehemu kubwa ya milima hiyo serikali iliiandika kuwa msitu wa taifa, hata pale ambapo watu wanagema uvumba tangu zamani. Katika vijiji vya Pandumaan na Sipituhuta, wilaya ya Humbang Hasundutan, kampuni ya mbao za karatasi ilipewa kibali, na mwaka 2009 ilianza kukata miti ya uvumba ili ipande mikaratusi. Wanavijiji walikataa. Mwaka 2013 baadhi yao walikamatwa. Mwaka huohuo Mahakama ya Katiba iliamua kwamba msitu wa jamii ya kimila si msitu wa serikali. Mwishoni mwa mwaka 2016 Rais Joko Widodo alitangaza kutambuliwa kwa misitu ya jamii tisa, na Pandumaan-Sipituhuta ilikuwa mmojawapo. Tuone walichokuwa nacho: walisimama pamoja kama jamii, waliijua mipaka yao, na hawakuchoka. Mtu mmoja mmoja angekwisha kuuza zamani.

Ziwa. Mwaka 2019 huko Sigapiton, matinga yalipokuja kufungua barabara katika ardhi iliyotengwa kwa utalii, akina mama waliokuwa wakidai ni ardhi ya mababu zao walivua nguo mbele ya mashine. Sisi Wakenya tunaelewa uzito wa jambo hilo. Tunakumbuka akina mama wa Uhuru Park mwaka 1992. Mama hafiki hapo mpaka milango mingine yote imefungwa. Anayetaka kujenga hoteli ajiulize kama atapata usingizi juu ya ardhi iliyoliliwa hivyo. Tena kanuni zinataka ukingo wa ziwa uachwe wazi mita 50. Ploti iliyo majini kabisa, ile nzuri kuliko zote kwenye picha, ndiyo isiyoruhusiwa kujengwa.

Mlima. Tarehe 1 Disemba 2023 mafuriko yalishuka na mawe makubwa katika kijiji cha Simangulampe, huko Baktiraja, yakafunika nyumba na kuua watu. Kijiji hicho kiko chini ya mteremko mkali, kando ya ziwa. Kwa hiyo mnunuzi asitazame ziwa peke yake. Ageuke nyuma atazame mlima, aulize wazee maji yalipita wapi zamani, na huko juu miti ingali ipo au imekatwa.

8. BASI PESA IWEKWE NAMNA GANI?

Hatusemi mgeni asije, wala pesa isije. Kijiji bila pesa vijana hukikimbia. Tunasema ziko njia zisizomwondoa mwenyeji.

Kwanza, kukodi. Mkataba wa miaka inayojulikana, kodi inayojulikana, na maneno ya wazi juu ya majengo: muda ukiisha yatakuwa ya nani? Ardhi inabaki ya ukoo.

Pili, kushirikiana. Mwenyeji analeta ardhi na nyumba, mgeni analeta pesa za choo, maji, vitanda na paa. Wanagawana mapato kwa hesabu iliyoandikwa. Nyumba zao za kale, zenye paa lililopinda kama tandiko na milango iliyochongwa, huvutia wageni kuliko hoteli ya saruji.

Tatu, kuweka pesa katika kazi badala ya udongo: mashine ya kumenya kahawa, mahali pa kuanikia, au akiba katika chama cha akiba na mikopo. Vyama hivyo vilianza kuenezwa Indonesia tangu 1970 kwa juhudi za Padre Karl Albrecht, Mjesuiti, na katika milima ya Wabatak vimeshika mizizi.

Lakini tusidanganyane kwamba utalii ni mlipa deni kama ile kahawa. Kwenye rasi ya Tuktuk, kisiwani Samosir, familia nyingi zilijenga nyumba za wageni wakati watalii wa Ulaya walipokuwa wakimiminika. Mwaka 1997 na 1998 uchumi wa Indonesia ulianguka, moshi wa misitu iliyoungua ukaenea, fujo za siasa zikafuata, na wageni wakatoweka. Nani alisimama? Yule aliyebaki na mpunga na kahawa nyuma ya nyumba. Aliyeuza shamba lote ajenge vyumba, alibaki na vitanda vitupu.

9. MAMBO YA KUSHIKA

Tunaomba katibu wa kikundi ayanakili haya katika daftari:

1. Tembelea zaidi ya mara moja, na mara moja iwe wakati wa mvua.
2. Uliza ukoo gani ulianzisha kijiji, na zungumza na wazee wake.
3. Pata majina ya warithi wote, wake kwa waume. Sahihi moja haitoshi.
4. Nenda mwenyewe ofisi ya ardhi. Usimtume broka.
5. Hakikisha ardhi haimo katika msitu wa serikali, ukingo wa ziwa au njia ya maji.
6. Tafuta kaburi, njia ya miguu na kisima. Hivyo vina wenyewe.
7. Usiazime jina la mtu, wala usikubali jina lako liazimwe.
8. Pesa zipite benki au mbele ya ofisa, na risiti ziwekwe.
9. Anayeuza asiuze lote. Abakishe pa kulima na pa kuzikia.

Kwetu Kenya, Katiba ya mwaka 2010 inamruhusu asiye raia kukodi ardhi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Shamba la kilimo, mara nyingi, halihamishwi bila idhini ya bodi ya ardhi. Bodi hiyo tusiione kama usumbufu. Hapo ndipo mke na watoto wanapata nafasi ya kusema "hatujui habari hii" kabla pesa hazijaliwa.

MASWALI YA KUJADILI

(1) Katika kijiji chetu, mafiga matatu ya ardhi ni akina nani? Yupi husahauliwa wakati wa kuuza?
(2) Binti aliyeolewa ana neno gani juu ya shamba la baba yake kwetu? Linasikilizwa?
(3) Kama ndugu yako mkulima ana deni la shule ya watoto, familia ingefanya nini ili asiuze kwa siri?
(4) Mgeni akitaka kujenga nyumba ya wageni hapa, tungependelea akodi, ashirikiane nasi au anunue? Kwa nini?
(5) Ardhi gani hapa kwetu ni ya wote, na mipaka yake imeandikwa wapi?

KAZI YA KIKUNDI

Kabla ya mkutano ujao, wanachama wawili wawili watembelee mzee mmoja wa ukoo na mama mmoja mzee. Wawaulize mipaka ya zamani ya kijiji, njia za maji, na mahali walipozikwa watu wa kwanza. Wachore ramani kwenye karatasi kubwa. Isomwe mbele ya wote, irekebishwe, nakala moja ikae kwa mwenyekiti na nyingine kwa mtu mwingine anayeaminika. Siku mgeni mwenye pesa atakapokuja, na atakuja, tumwekee kiti, tumpe chai, halafu tuitandaze hiyo ramani mezani kabla mtu yeyote hajataja bei.

Jifya moja haliinjiki chungu. Tunawatakia mazungumzo mema.